Andika Nimekaa

9 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta juu ya mawingu na si katikati yake, maana mara ya mwisho ulisema ukungu ulikaa siku sita na ukakosea mlango wa stoo ukidhani ni wa choo. Hayo ndiyo mambo ya kwenda kupima hali ya hewa mlimani, mahali ambapo hata simu inakata tamaa. Ukirudi tutakuita Mama Mawingu mpaka kaburini.

Nimetimiza miezi sita. Tumbo limetangulia, mimi nafuata nyuma. Kwenye karakana yetu ya kujalidi vitabu wamenisogezea meza ya chini ili nisiiname. Nyumbani mume wangu, Bwana Lifti, anafanya makusudi kupanda ngazi mbele yangu taratibu, anajifanya amechoka yeye. Hebu fikiria, fundi wa lifti anayeishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Dunia ina utani.

Najua unachotaka kuuliza, basi nakujibu. Tangu niache zile sindano za ugonjwa wangu kabla ya kushika mimba, nilikuwa naishi kama mtu aliyelala bila kufunga mlango. Unakumbuka mwaka juzi mkono wa kulia ulivyokufa ganzi wiki tano, mimi mjalidi mzima wa vitabu nikashindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano. Unakumbuka, miaka saba iliyopita, daktari alivyotuchorea waya na ganda lake, akasema askari wa mwili wangu wanalikwangua ganda la mishipa ya fahamu wakidhani ni adui. Sklerosisi, akasema, na wewe ukaninong'oneza kwamba hilo ni jina la dawa ya mende. Nilicheka nikalia papo hapo.

Basi sasa askari wametulia, Dada. Sijui niseme nini zaidi. Nashona, vidole vinanitii.

Mama alitufundisha kwamba barua haibebi kilio, kilio huletwa kwa miguu. Leo sikulazimika kuikumbuka hiyo sheria. Sina kilio cha kuficha.

Mdogo wako,
Kinda

22 Machi

Kinda wangu,

Marahaba. Dereva wa lori ameleta barua yako, gunia la mchele na mafua. Tumevigawana vyote vitatu.

Hapa leo mbingu ni tatu kwa nane. Ndivyo tunavyopima, unaigawa mbingu sehemu nane na kuhesabu ngapi zimefunikwa. Asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu yote, meupe, yametulia, na kilele cha mlima wa pili kikichungulia katikati yake. Mwenzangu wa zamu alitoka na kikombe cha chai akasimama tu, chai ikapoa mkononi. Nikamwambia aandike. Akaniuliza aandike nini. Nikamwambia kilichopo, maana hapa hatulipwi kwa tunachokitamani.

Na wewe nakuambia hilohilo. Nafurahi vidole vinatii, nimefurahi mpaka nimewaringia watu wasiokujua. Lakini nataka kujua daktari amesema nini kuhusu baada ya kujifungua. Huwezi kuniambia hajasema kitu. Yule mama anasema mpaka vya jirani.

Likizo yangu ni moja tu, wiki nane, Julai na Agosti. Mkuu wa kituo anataka fomu yenye tarehe kabla Mei haijaisha, na ikishapelekwa ofisi kuu haibadiliki. Niliahidi kuja kukushika mkono. Asiye na mwana aeleke jiwe, wanasema, lakini mimi nina mtoto wa mdogo wangu anakuja, jiwe la nini? Niambie kilichopo ili nijaze.

Msalimie Bwana Lifti. Mwambie kupanda ngazi ni mazoezi ya moyo, aache kujifanya mzee.

Dada yako,
Mama Mawingu (nimelikubali)

11 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dirishani, miguu ndani ya beseni la maji, mapazia yanajaa upepo na kupungua, yanajaa na kupungua. Mtoto anajigeuza kwa starehe zake. Miezi minane. Siku hizi sijui usingizi unaishia wapi na kuamka kunaanzia wapi. Naweza kuwa karakanani, nahodha wa gundi na brashi, nikasikia nimeelea kidogo juu ya kiti.

Jana nilipanda ngazi zote bila kushika ukuta. Nilipofika mlangoni nikageuka nikashuka, nikapanda tena. Mama wa ghorofa ya pili akatoka akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza, nimeokota.

Daktari amenieleza kwa nini. Mtoto huyu nusu yake ni mgeni, Dada, nusu ni ya Bwana Lifti. Mwili wangu ungeweza kumfukuza kama unavyofukuza mafua. Kwa hiyo mwili unatoa amri, askari wapunguze ukali, waweke silaha chini, kuna mgeni wa heshima ndani. Na amri hiyo hiyo inawatuliza wale waliokuwa wananikwangua mishipa. Katika miezi mitatu ya mwisho ndipo utulivu unakuwa mkubwa kuliko wakati wowote. Usiku huo niliota nawaona wamelala uani, wamevua viatu, jua linawapiga kwenye nyayo. Daktari aliendelea kusema na mengine, ila mimi nilikuwa nimeshashiba na hayo.

Nimeshona kitabu kizima kwa kikao kimoja. Kurasa mia nne. Mzee wa karakana alikivuta huku na huku akitafuta kosa, akakiweka chini akasema, "Huyo mtoto asitoke kwanza."

Sasa sikiliza. Usijaze Julai na Agosti. Mpe mwenzako anayetaka kuoa, uliniambia ndiyo miezi anayoililia. Wewe njoo Desemba, mtoto atakuwa anakaa mwenyewe, tutamlisha, tutatembea naye. Ukija sasa utanikuta mzima na utachoka kunitazama nikiwa mzima. Mama mkwe alitaka kuja na yeye nimemwambia apumzike na magoti yake.

Niamini. Nimepona, Dada. Naona haya hata kuliandika, lakini ndilo neno.

Kinda

24 Mei

Kinda wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nililia, mara ya tatu nilitafuta yale "mengine" ya daktari, sikuyaona.

Nitakuambia ukweli wangu. Nilitaka kukukatalia. Nilishika kalamu nikaandika tarehe za Julai kwenye fomu, kisha nikasoma tena pale ulipopanda ngazi mara mbili. Sijapata kukusikia hivyo tangu ulipokuwa na miaka ishirini. Nikajiambia mimi ni nani wa kumwamsha mtu aliye kwenye usingizi mtamu? Nimempa mwenzangu Julai na Agosti. Amenikumbatia mpaka vikombe vya kupimia upepo vikazunguka, au labda ulikuwa upepo. Mimi nitakuja Desemba.

Kuna jambo la mama nilitaka kukuandikia. La wakati ulipozaliwa. Nimeliandika na kulifuta mara mbili, karatasi imetoboka. Tuliache.

Leo mbingu ni sifuri kwa nane, hakuna hata wingu moja. Unaona mpaka mahali ambapo macho yanaanza kubuni.

Ujifungue salama, mdogo wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi naweza tu kukuombea.

Mama Mawingu

16 Juni

Dada,

Shikamoo. Msichana! Tarehe nane, saa nne asubuhi. Ana paji la uso lako, pole yake. Bwana Lifti alimshika kama mtu aliyepewa glasi za wenyewe, akamwambia, "Karibu, bibi, ghorofa ya nne."

Ananyonya maziwa yangu tu, kila anapotaka, na anataka kila wakati. Daktari anasema hilo ni zuri kwake na huenda ni zuri na kwangu. Ninamtazama mpaka nasahau kula. Kucha zake, Dada. Nani alikuwa na muda wa kutengeneza kucha ndogo namna hiyo?

Sote wazima. Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini.

Kinda na Bibi wa Ghorofa ya Nne

5 Julai

Kinda wangu, na wewe Bibi mwenye paji langu,

Marahaba, marahaba. Nimetangaza kwenye redio ya kituo, baada ya kusoma kiwango cha mvua. Mkuu amenikaripia kwamba redio ile ni ya takwimu na dharura peke yake. Nikamwambia kilo tatu na nusu ni takwimu. (Nimezibuni hizo kilo. Hukuniandikia.)

Mwenzangu ameshashuka kwenda kuoa. Niko na Mkuu na ukungu. Mbingu ni nane kwa nane, wiki nzima.

Lori la jana halikuleta barua yako. Najua mzazi hana mikono ya kutosha. Ila kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huku kazi yangu yote ni kusikiliza kitu kabla hakijafika. Mistari miwili tu inatosha. Unakula? Unalala? Vidole?

Mama Mawingu

19 Julai

Dada mpenzi,

Shikamoo. Anayeandika ni shemeji yako, maneno ni ya mke wangu. Ameniagiza niandike kila anachosema. Hiyo kazi naiweza. Kwenye daftari la lifti ukiruka neno moja mtu anaumia.

Dada, sote wazima. Mikono yangu imejaa mtoto, ndiyo maana nimempa kalamu Bwana Lifti. Usijali. Mtoto ananenepa, amefika kilo nne na robo, na anatabasamu. Ni tabasamu au ni gesi? Ni tabasamu, andika tabasamu. Mimi naendelea vizuri. Nimelala tu hapa nampa maziwa. Usiandike nimelala. Andika nimekaa. Nimekaa dirishani nampa maziwa.

Hali ya hewa huku nzuri. Mama wa ghorofa ya pili anapanda kunisaidia, si kwamba nahitaji msaada, ni upendo wake tu. Ananifulia. Anamwogesha mtoto kwa sababu mimi sitaki kumwangusha. Futa hilo. Andika anamwogesha kwa sababu anapenda. Umefuta? Nisomee. Siwezi kusoma mwenyewe, wewe unajua jicho la kushoto lina ukungu, naona karatasi kama iko nyuma ya pazia. Hilo usiliandike! Mbona kalamu inatembea? Nasema na wewe sasa, siyo na Dada.

Endelea. Dada, mguu ule uliokuwa unanisumbua zamani haunisumbui. Huo mwingine ndio. Hapana. Andika miguu yote mizima. Dripu imesaidia, daktari alisema nisubiri wiki kadhaa, si ndivyo alivyosema? Usiandike dripu. Andika nimepumzika. Andika nimefurahi, hiyo ni kweli, andika kwamba nikimsikia anapumua hapa ubavuni nafurahi mpaka naogopa. Toa naogopa.

Desemba haiko mbali. Andika tunamsubiri Desemba. Basi. Funga.

Nimetimiza agizo la kuandika kila anachosema. Sikuambiwa nichague.

Shemeji yako,
Bwana Lifti

2 Agosti

Mdogo wangu,

Mume wako asikaripiwe. Ukimkaripia nitakuja kumtetea kwa ngumi.

Niliisomea nje, nimekaa kwenye kizingiti, na ukungu ulikuwa umefika mpaka magotini. Nilipofika kwenye "andika nimekaa" nikainuka. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Mkuu akadhani kuna radi inakuja.

Sasa nitakuandikia lile la mama. Safari hii karatasi ikitoboka, itoboke.

Ulipozaliwa nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mbali, mkataba wa mwaka mmoja. Wiki chache baada ya wewe kuja, mama aliinuka kitandani akaanguka. Miguu haikuwa yake. Jicho moja nalo likaingia kiza, tukaambiwa ni moshi wa jikoni. Nilikuwa nafua, napika uji, nakubadilisha nepi, nasimama juu ya kigoda kufikia jiko. Na kila mwisho wa mwezi mama aliniita nikae karibu na kitanda na daftari. "Andika, sote wazima. Andika, mimi napika na nafua." Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri, Kinda. Baba alinisifu kwa mwandiko ule. Kwa sababu ya barua zangu akaongeza mkataba mwaka wa pili, maana nyumbani hakuna shida.

Mama alisimama tena baada ya miezi mitano, kwa fimbo, kisha bila fimbo. Hakuna daktari aliyeupa ule ugonjwa jina, na mimi siupi jina leo, sina haki hiyo. Ila ile sheria ya kwamba barua haibebi kilio haikuwa hekima ya wazee. Ilitungwa pale kitandani na mama aliyeona aibu, na mwandishi alikuwa mimi. Nimekaa na jambo hilo miaka thelathini na moja. Ulipoandika "nimepona" niliutambua ule mwandiko, nikaogopa, na bado nikakupa ulichotaka. Nisamehe.

Sasa tuzungumze kazi. Likizo ya kawaida imeshakwenda. Kuna likizo ya dharura, wiki sita, ofisi kuu wanatuma mtu wa kushika zamu yangu mara moja. Kanuni inataka maneno ya mgonjwa mwenyewe, anaumwa nini, anaweza nini na hawezi nini. Nilimpa Mkuu barua ya Bwana Lifti. Akavaa miwani, akaisoma yote, akaniambia, "Hapa wamesema ni wazima, miguu yote ni mizima na amefurahi. Ofisi kuu niwaambie nini?" Yeye si mtu mbaya. Alinipa chai yake.

Daktari anaweza kuandika cheti, na nitakiambatanisha. Lakini cheti hakitoshi kwenye fomu, na hakinitoshi mimi. Nitakuja kwa yeyote anayeniita, ila nikifika nikakukuta bado "umekaa," nitakuwa nimekuja kumuuguza mtu ambaye hayupo. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Andika kilichopo. Mwambie Bwana Lifti akushikie karatasi.

Dada yako

16 Agosti

Dada,

Shikamoo. Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa. Bwana Lifti ameshika karatasi na ameapa hatasema neno.

Haya ndiyo ya fomu. Nina sklerosisi tangu miaka saba iliyopita. Nimejifungua wiki kumi zilizopita. Wiki ya tatu ugonjwa ulirudi. Mguu wa kulia unaburuza, siwezi kushuka ngazi, kwa hiyo hospitali nabebwa na mume wangu mgongoni ghorofa nne. Mkono wa kulia unahisi kama umevaa glavu, hauwezi sindano wala kifungo cha nguo ya mtoto. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, sasa ukungu umepungua, naona rangi ila nyekundu imefifia. Ninaweza kunyonyesha, kuimba, kukata mboga nikiwa nimekaa. Dripu nimewekewa siku tatu mwezi Julai. Daktari anasema mengi yatarudi, hawezi kuahidi yote, na kwamba miezi hii mitatu ndiyo mibaya, ikipita kwa kawaida upepo unatulia. Mwezi ujao tutaamua kuhusu sindano.

Hayo ya Mkuu yameisha. Yanayofuata ni yako.

Yale mengine ya daktari niliyasikia yote. Alisema mwezi Machi, akarudia Mei. Alisema mgeni akishatoka ile amri inafutwa, askari wanavaa viatu, na wengine hurudi kazini na hasira. Kati ya kina mama kumi labda watatu. Alisema nitafute mtu wa kukaa na mimi miezi mitatu. Nilikuwa na mtu. Nikamwandikia asije.

Sikukudanganya kwa ajili ya mama wala sheria yake. Nilikuwa na furaha, Dada. Miaka saba kila anayenitazama ananitazama miguu kwanza. Bwana Lifti, mama mkwe, mzee wa karakana, na wewe kuliko wote. Halafu nikapewa miezi mitatu ya mwili usioniuma, nikaelea, nikatamani awepo mtu mmoja duniani anayenijua mimi kama mzima tu, bila kunisubiri nianguke. Nikakuchagua wewe kwa sababu uko mbali na hunioni kwa macho. Nilijua utaniamini ukitaka sana kuniamini. Nisamehe na mimi.

Kuhusu mama sikukasirika. Niliisoma kidogo kidogo siku nne. Nimemfikiria yule msichana wa miaka tisa juu ya kigoda, ananibadilisha nepi, na hakuna aliyemwandikia yeye.

Sasa nakuambia kilichopo. Kilo tano na robo. Anatabasamu kweli, siyo gesi. Tangu tarehe ishirini na tisa Juni sijambeba mwanangu nikiwa nimesimama. Wengine wanamzungusha chumbani, wanampeleka dirishani, na mimi namsikia anacheka akiwa kwenye mikono ya watu. Jana nilisimama peke yangu, nimeshika kitanda, nikahesabu mpaka kumi na saba. Namtaka mikononi, Dada. Bwana Lifti anasema yuko tayari kunishika lakini anatetemeka kuliko mimi. Nataka siku hiyo wewe usimame nyuma yangu, karibu kabisa, nikisikie kifua chako mgongoni, kisha wanipe mtoto.

Usinijibu kwa barua.